Kupima Hulka na Uongozi: Safari ya Kipimo kutoka Kambi ya Jeshi hadi Ofisi ya Simu

Neno "kiongozi" lilikuwa neno la kazi kabla halijawa neno la siasa. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji, kiongozi, au kirangozi kama alivyoitwa na wapagazi wengi, ndiye aliyetangulia mbele ya watu wote: aliijua njia, aliyajua maji, na alijua mahali panapofaa kupiga kambi. Nyuma yake walifuata wanyapara, kila mmoja na kundi lake. Mtu hakuupata ukirangozi kwa kuulizwa maswali juu ya nafsi yake. Aliupata kwa kuwa alikwisha kwenda na kurudi, na wenziwe walikwisha kumwona njiani katika shibe na katika njaa. Na aghalabu wapagazi wenyewe ndio waliomkubali. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba nayo yalikuwa na vyeo vyake, msimamizi, nokoa na kadamu, lakini huko jicho lililochagua lilikuwa jicho la mwenye shamba.

Fikira kwamba mtu aweza kupimwa kabla ya safari, akakaa chumbani siku mbili tatu na akatoka humo hali imekwisha julikana kama anafaa kuongoza au hafai, ni fikira ya karne ya 20. Haikuzaliwa katika biashara, ijapokuwa siku hizi makampuni ndiyo yanayoitumia zaidi. Ilizaliwa jeshini, na asili yake hiyo imeacha alama ambazo hazijafutika. Wala jambo lenyewe si dogo. Kwa vipimo hivi watu maelfu kwa maelfu wamepandishwa cheo au wamenyimwa, na aghalabu aliyenyimwa hakuambiwa ni neno gani katika hulka yake lililomkosesha.

Wajerumani walitangulia. Baada ya kushindwa katika vita vya 1914 hadi 1918, jeshi lao lilipunguzwa kwa mkataba hata likabaki na watu laki moja, na maofisa wasiozidi elfu nne. Jeshi dogo namna hiyo halikuweza kumudu ofisa mbovu. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1927 kila kijana aliyetaka kuwa ofisa alipaswa kupita kwanza mbele ya wataalamu wa elimu ya nafsi. Kazi hiyo kwa miaka mingi ilisimamiwa na Max Simoneit. Kijana alipimwa kwa muda wa siku mbili: uso wake na sauti yake vilichunguzwa, mwandiko wake ulisomwa, na alipewa askari wachache awafundishe jambo fulani huku wakubwa wakimtazama. Waliompima walisema kwamba wanatafuta mtu mzima, wala si vipande vya mtu. Maana yake hawakuridhika na hesabu ya alama, wakataka kuandika sifa za mtu kwa maneno. Yapo mengi ya kulaumiwa katika njia yao, na kusoma hulka katika mwandiko hakuna msingi wowote uliothibitika. Hata hivyo walikuwa na wazo moja lililodumu, nalo ni kwamba uongozi haujulikani kwa mtu aliyeketi peke yake.

Katika miaka ya 1932 hadi 1935 mwambata wa kijeshi wa Uingereza katika Berlin alikuwa Andrew Thorne. Aliyaona mambo hayo kwa macho yake. Mwaka wa 1941 Thorne alikuwa jemadari mkuu wa majeshi ya Uskochi, na jeshi la Uingereza lilikuwa katika dhiki. Mpaka wakati huo maofisa walichaguliwa kwa mazungumzo mafupi mbele ya baraza la wakubwa. Kijana aliulizwa amesoma skuli gani, baba yake anafanya kazi gani, na anapenda mchezo gani. Maadamu vijana waliotoka katika skuli chache za wenye mali walitosha, njia hiyo haikuonekana kuwa na kosa. Vita vilipopanuka vijana hao waliisha, na wazee wa baraza wakakabiliwa na watoto wa makarani, wa wachimba makaa na wa wenye maduka, ambao hawakujua namna ya kuwasoma. Katika vyuo vya maofisa idadi ya waliorudishwa vikosini kwa kushindwa ikawa kubwa mno. Kurudishwa huko kulikuwa fedheha, na habari zake zilipoenea, askari wengi wazuri waliacha kabisa kuomba.

Jenerali Ronald Adam, aliyekabidhiwa mambo ya watu wote wa jeshi mwaka huo wa 1941, aliruhusu majaribio yafanywe Edinburgh. Katika waliofanya kazi hiyo walikuwamo madaktari wa magonjwa ya akili Eric Wittkower, Ferguson Rodger, John Sutherland na Wilfred Bion, pamoja na mtaalamu wa elimu ya nafsi Eric Trist. Katika mwaka wa 1942 mabaraza mapya yakaanza, yakaitwa Mabaraza ya Uchaguzi ya Wizara ya Vita. Na hapa historia ina kejeli yake: mwaka huo huo wa 1942 jeshi la Ujerumani liliifunga idara yake ya wapimaji. Waalimu waliacha kufundisha mwaka ule ule wanafunzi walipoanza.

Inafaa kulieleza baraza hilo kwa urefu kidogo, kwa kuwa karibu kila kituo cha upimaji kilichopo leo katika makampuni ni mtoto wake au mjukuu wake. Watahiniwa walikwenda kukaa katika nyumba kubwa ya shamba, wakala na kulala humo kwa siku tatu hivi pamoja na wale waliowapima. Kila mmoja alivaa namba badala ya cheo, ili koplo na askari wa kawaida waonekane sawa. Siku ya kwanza walijibu mitihani ya akili, kisha wakapewa mambo mengine yasiyokuwa na jibu sahihi: maneno yaliyoonyeshwa moja moja, na mtu aandike upesi fikira ya kwanza inayomjia, picha zenye maana isiyo wazi, na mtu azitungie hadithi, tena aandike habari zake mara mbili, mara ya kwanza kama ambavyo rafiki mwema angemweleza, na mara ya pili kama ambavyo angemweleza mtu mwenye kumchambua kwa ukali. Baada ya hayo walitolewa nje, na huko ndiko kulikokuwa na jambo jipya.

Watu wanane hivi walipelekwa penye kizuizi, wakapewa mbao, kamba na pipa, wakaambiwa wavuke na mzigo wao. Hawakupewa mkubwa. Hakuna aliyeambiwa, "Wewe ndiye kiongozi." Ofisa aliyewatazama alikaa kando akanyamaza. Bion ndiye aliyelifikiri jambo hili, na alilieleza katika makala yake ya mwaka wa 1946. Alisema kwa ufupi kwamba kila mtu katika kundi lile anavutwa na kamba mbili: anataka yeye mwenyewe aonekane, kwa maana amekuja kutafuta cheo, lakini kazi haiwezi kutimia ila kwa kushirikiana na wale anaoshindana nao. Mpimaji hakutakiwa kuhesabu ni nani aliyesema sana. Alitakiwa kutazama ni nani aliyeweza kuisahau haja yake mwenyewe kwa ajili ya kazi ya wote, na ni nani ambaye wenzake walimgeukia bila kuambiwa. Hapo kipimo kilikaribia kuwa njia tena, kama njia ya Ujiji, ingawa njia yenyewe ilikuwa fupi na mto wake ulikuwa wa kuigiza.

Bion alitaka kwenda mbali zaidi. Alipendekeza kwamba askari wenyewe, vikosini mwao, wawataje wenzao wanaofaa kuwa maofisa, na jambo hilo likajaribiwa. Wakubwa wa jeshi wakalikomesha. Sababu yake si ngumu kuikisia: jeshi lililowaruhusu askari wa chini kuteua maofisa wake lingekuwa jeshi la namna nyingine. Wazo la kundi lisilo na mkubwa lilikubaliwa kwa kuwa wenye kutazama na kuamua walibaki kuwa wakubwa. Wazo la kuwauliza wale watakaoongozwa halikukubaliwa. Tofauti hiyo yastahili kukumbukwa, kwa kuwa makampuni yalipokuja kurithi kipimo hiki yalirithi nusu ile ya kwanza peke yake, na ilipita miaka mingi kabla ya maoni ya watu wa chini kuanza kuombwa juu ya wakubwa wao.

Hata hivyo mabaraza hayo hayakupendwa na wote. Waziri Mkuu Churchill mwenyewe aliwatilia mashaka madaktari wa nafsi, na mwishoni mwa mwaka wa 1942 alitaka kazi yao ipunguzwe. Maswali yao ya ndani yaliwekewa mipaka. Lakini mabaraza yalidumu, na mwaka wa 1945 serikali iliyachukua mfano kwa kuchagua maofisa wake wakubwa wa kiraia, katika nyumba ya Stoke d'Abernon, mkoani Surrey. Magazeti yaliwacheka, yakasema kwamba sasa mtu anachaguliwa kwa namna anavyoshika uma mezani.

Kutoka Uingereza wazo lilivuka bahari. Idara ya upelelezi ya Marekani wakati wa vita, iliyojulikana kwa jina la OSS, ilifungua kituo chake karibu na Washington mwezi wa Desemba 1943, chini ya uongozi wa Henry Murray wa chuo kikuu cha Harvard. Waliopimwa katika vituo vya idara hiyo walifika 5,391. Mtu alifika akiwa ameacha jina lake na nguo zake, akapewa jina la uwongo ambalo alipaswa kulilinda muda wote. Jaribio lililopata sifa kuliko mengine lilikuwa la kujenga kiunzi cha miti kwa dakika kumi akisaidiwa na watu wawili. Wasaidizi hao walikuwa wapimaji waliojifanya vibarua: mmoja alikuwa mzito na mvivu, wa pili alikuwa mkosoaji mwenye maneno ya kuudhi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukimaliza kiunzi hicho. Kilichopimwa ni namna mtu anavyokuwa mbele ya wasaidizi wasiosaidia, na msomaji aliyewahi kusimamia kazi yoyote hatahitaji maelezo zaidi. Murray na wenzake walitoa habari za kazi yao katika kitabu mwaka wa 1948, wakakiri waziwazi kwamba ilikuwa vigumu kuthibitisha kama walitabiri sawasawa, kwa maana watu wao walitawanyika katika nchi nyingi na kazi zao zilikuwa za siri.

Swali hilo la uthibitisho ndilo lililoipa kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, nafasi yake katika historia hii. Mwaka wa 1956 Douglas Bray alianza humo uchunguzi ambao haujapata wa kulingana nao kwa subira. Vijana 422, wote wanaume, wengine wakiwa na digrii na wengine wakiwa wamepanda kutoka kazi za chini, waliletwa kumi na wawili kumi na wawili, wakapimwa kwa siku tatu na nusu. Walijadiliana bila mwenyekiti, waliendesha kiwanda kidogo cha mchezo, walihojiwa kwa saa nyingi. Pia walipewa kapu lililojaa barua, malalamiko na maagizo, kama kwamba meneja aliyetangulia ameondoka ghafula, wakaambiwa walishughulikie hadi chini. Kapu hilo lilikuwa limebuniwa kabla ya hapo na Norman Frederiksen kwa ajili ya jeshi la anga, na huenda ndilo jaribio lililofanana na kazi ya ofisi kuliko yote. Kila mtu alipewa alama katika sifa 25, kisha wapimaji wakatabiri: huyu atafika ngazi ya kati ya umeneja katika miaka kumi, na huyu hatafika.

Kisha Bray akafanya jambo ambalo wenye vipimo wengi hawalifanyi. Aliyafungia majibu. Hawakuambiwa wakubwa wa kampuni, wala waliopimwa. Kama wakubwa wangeambiwa, wangewapandisha wale waliosifiwa, na utabiri ungejitimiza wenyewe. Hapo ingesemwa kwamba kipimo kimethibitika, kumbe kimetii tu. Majibu yalipofunguliwa miaka ya 1960 ilionekana kwamba waliotabiriwa kupanda walipanda kwa wingi kupita wengine. Lakini kampuni haikungoja. Tangu mwaka wa 1958 tawi lake la Michigan lilikuwa limekwisha anzisha kituo cha kupima wafanyakazi waliotarajiwa kuwa wasimamizi, na wapimaji wake walikuwa mameneja wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Kutoka hapo vituo vikaenea katika makampuni mengi, na katika kuenea kule subira ya Bray ilipotea njiani. Makampuni yalichukua kapu na majadiliano, yakaliacha kabati lililofungwa.

Katika uchunguzi wa mwaka wa 1956 hakuwamo mwanamke hata mmoja, kwa kuwa haikudhaniwa kwamba wanawake watakuwa mameneja. Mwezi wa Januari 1973 kampuni ililazimika kuafikiana na serikali ya Marekani baada ya kushitakiwa kwa kuwabagua wanawake na watu weusi. Mojawapo ya njia zilizotumiwa kuwapandisha wanawake waliozuiliwa miaka mingi ilikuwa kituo kile kile cha upimaji. Hapo kipimo kilitenda haki ambayo jicho la wakubwa lilikataa kuitenda, na wale wanaoilaumu njia hii yote kwa jumla wanapaswa kuliweka jambo hilo katika mizani pamoja na mengine.

Pembeni ya njia hii ya kumtazama mtu akitenda ilikua njia nyingine, iliyo rahisi zaidi na yenye hatari zaidi: kumwuliza mtu mwenyewe kwa karatasi. Chanzo chake nacho kilikuwa cha jeshi, maana orodha ya kwanza ya maswali ya namna hiyo ilitungwa na Robert Woodworth wakati Marekani ilipoingia katika vita vya kwanza, ili kuwatambua askari ambao huenda akili zao zisingestahimili mizinga. Katika miaka ya 1930 na kuendelea karatasi kama hizo ziliingia maofisini. Mwaka ule ule wa 1956 ambao Bray alianza kazi yake, William Whyte alitoa kitabu chake juu ya mtu wa kampuni, na mwishoni akaweka mafunzo ya namna ya kudanganya katika vipimo vya hulka. Shauri lake lilikuwa fupi: jibu kama mtu wa kawaida kabisa, anayempenda baba yake na mama yake, lakini baba kidogo zaidi. Ilikuwa mzaha, lakini mzaha uliogusa donda. Kipimo kinachodanganyika kwa urahisi namna ile humwadhibu mtu mkweli.

Katika karatasi hizo, iliyopata umaarufu kupita zote ilitungwa na watu wawili wasiokuwa wataalamu wa elimu ya nafsi: Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers. Mama alikisoma kitabu cha Carl Jung juu ya aina za watu, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka wa 1921 na kwa Kiingereza mwaka wa 1923, na binti, wakati wa vita vya pili, akatunga maswali ya kuwagawa watu katika aina 16. Kusudi lake lilikuwa jema: alitaka kila mtu apate kazi inayomfaa. Karatasi yake ilitolewa mwaka wa 1962 na taasisi ya mitihani ya Princeton, na tangu mwaka wa 1975, ilipopata mchapishaji mwingine, ilienea duniani. Wataalamu wengi wameikosoa kwa sababu huwapasua watu katikati. Mtu aliyeanguka hatua moja upande huu wa mpaka huitwa aina nyingine kabisa na mtu aliyeanguka hatua moja upande wa pili, hali wawili hao wanafanana kuliko kila mmoja wao na wa aina yake aliye mbali. Akijibu tena baada ya wiki chache, yaweza kutokea akawa mtu mwingine. Wenye kuichapisha wenyewe wamesema kwamba haifai kutumiwa kuchagulia watu wa kazi. Mahali pake ni katika mazungumzo ya watu ambao wamekwisha ajiriwa, nako huko imesaidia wengi kusemezana bila kugombana.

Mwaka wa 1965 Robert Guion na Richard Gottier walizipitia tafiti zilizotangulia wakasema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuvitumia vipimo vya hulka kwa jumla katika kuchagua wafanyakazi. Kwa muda wa robo karne hivi neno hilo lilitawala. Ndipo mwaka wa 1991 Murray Barrick na Michael Mount walipokusanya tafiti nyingi pamoja wakaonyesha kwamba sifa moja, ile ya kuwa mtu makini, mwenye bidii na anayetimiza aliloahidi, ina uhusiano na kazi njema karibu katika kila namna ya kazi, ijapokuwa uhusiano wenyewe si mkubwa. Baina ya tarehe hizo mbili sheria nayo ilisema neno lake. Mwaka wa 1971, katika kesi ya Griggs na kampuni ya umeme ya Duke, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtihani unaowazuia watu weusi wengi kuliko weupe hauruhusiwi, hata kama mwajiri hakukusudia ubaya, ila akionyesha kwamba mtihani huo unahusiana na kazi yenyewe.

Jambo lililowagusa wataalamu wa lugha kuliko mengine limejificha ndani ya karatasi hizo. Vipimo vya hulka vimejengwa kwa maneno, na maneno yenyewe yalichimbwa katika kamusi. Francis Galton mwaka wa 1884 alikisia kwamba Kiingereza kina maneno elfu moja kwa uchache ya kueleza tabia za mtu. Gordon Allport na Henry Odbert mwaka wa 1936 waliipitia kamusi kubwa ya Webster wakaokota maneno 17,953. Waliowafuata waliyachuja na kuyapanga kwa hesabu, hata ikafikiwa ile mikusanyo mitano ya sifa inayotajwa sana leo. Msingi wake ni dhana kwamba jambo lililo muhimu katika maisha ya watu halina budi kupata neno. Dhana hiyo ni nzuri. Lakini ikikubaliwa, hapana budi kukubali pia kwamba kamusi ya watu wengine itatoa mikusanyo mingine.

Kiswahili chenyewe ni shahidi. Tabia, hulka, silika na haiba, yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu, wala hayasemi jambo moja. Silika ni ile mtu aliyozaliwa nayo; tabia yaweza kuwa ya kuzaliwa au ya mazoea; hulka inakaa katikati ya hizo mbili. Haiba, ambayo vitabu vya elimu ya nafsi vimeichukua kuwa jina la jumla la utu wa mtu, katika matumizi ya zamani ni ule mvuto na heshima inayoonekana kwa mtu kwa nje. Haiba haimo ndani ya mwenyewe tu, imo pia machoni mwa wanaomtazama. Anayefasiri karatasi ya maswali hukutana na taabu hizo katika kila mstari. Msimamizi "mkali" asifiwa au alaumiwa? Kwa mwenye mali ni sifa, na kwa kibarua yategemea ni ukali juu ya kazi au juu ya mtu. "Mpole" ni mtu wa kupendwa, lakini "mpole wa kazi" ni mzito. Mtu "mwenye haya" katika karatasi ya Kiingereza atapoteza alama za uongozi. Katika mji wa pwani mtu asiye na haya hapewi hata uimamu wa watu watatu.

Walio wapima Waafrika kwanza walikwepa taabu hiyo kwa kuyaacha maneno. Katika Afrika Kusini Simon Biesheuvel, aliyeanza na upimaji wa wanahewa mwaka wa 1941 na kisha akaiongoza taasisi ya taifa ya uchunguzi wa wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka wa 1946, alitunga vipimo kwa ajili ya migodi ya dhahabu, ambako walikutana watu wa lugha nyingi kutoka Msumbiji, Nyasaland, hata Tanganyika. Maagizo yalionyeshwa kwa sinema isiyokuwa na sauti. Waliofikiriwa kuwa wanyapara wa migodini walipimwa pia kwa kazi za kundi lisilo na mkubwa, jaribio lile lile la Bion. Lakini unyapara ndio uliokuwa dari yao. Ngazi za juu zilikuwa za Wazungu kwa sheria, na hakuna kipimo kilichoweza kumvusha mtu. Hali haikuwa mbali na hiyo katika jeshi la Afrika Mashariki. Askari wake walipimwa na kikosi cha upimaji cha majeshi ya Mashariki ya Kati katika miaka ya 1944 na 1945 ili wagawanywe katika kazi mbalimbali. Wakati huo huo Uingereza ilikuwa inamtafuta ofisa hata katika mtoto wa mchimba makaa, lakini katika King's African Rifles Mwafrika hakupewa uofisa kamili vita vyote. Hata cheo cha Efendi, kilichokuja miaka ya 1950, hakikuwa sawa na uofisa huo. Kipimo cha ufundi alipewa. Kipimo cha uongozi hakikuulizwa.

Afrika Kusini ndiyo iliyorudi baadaye kulitazama deni hilo. Sheria yake ya usawa kazini ya mwaka wa 1998, katika kifungu cha 8, imekataza kumpima mfanyakazi kwa vipimo vya nafsi ila viwe vimethibitishwa kisayansi, viweze kutumiwa kwa haki kwa wafanyakazi wote, na visiwe na upendeleo juu ya mtu au kundi lolote. Sheria hiyo iliwaweka wataalamu mahali pagumu, kwa kuwa vipimo walivyokuwa navyo vilitungwa ng'ambo. Baadhi yao waliamua kuanza upya. Waliwahoji watu 1,216 katika lugha 11 zilizokuwa rasmi wakati huo, wakiwataka wawaeleze kwa maneno yao wenyewe watu wanaowajua. Katika mikusanyo tisa iliyopatikana, mmoja ulihusu kuwaongoza wengine, kuwashauri na kuwatia moyo, na mwingine ulihusu kuishi kwa amani na watu. Mambo hayo katika mikusanyo mitano ya Kizungu yametawanyika au hayana mahali pake. Uchunguzi wa lugha ya Kimaasai uliotolewa mwaka wa 2020, ambao ulianzia katika kamusi kama walivyofanya Allport na Odbert, nao haukuikuta ile mitano kama ilivyo. Kilichojitokeza kwa nguvu kwanza ni wema wa mtu mbele ya wenziwe.

Kiswahili kina kamusi zake tangu Krapf, Madan na Johnson, na baada yao zile za taasisi, na maneno ya sifa za watu yamejaa humo kuanzia "ajizi" hadi "zohali". Maneno hayo yanangoja kuokotwa na kupangwa na wenye kuijua lugha. Mpaka yaokotwe, karani wa Mombasa au Dodoma anayewekewa mbele karatasi iliyofasiriwa ataendelea kuulizwa kama yeye ni mpole, na atafikiri kitambo kabla ya kujibu.